Skana za ghalani na Wi-Fi ya vyeti: miezi minane nazo

Ghala letu liko Chang'ombe, Dar es Salaam, tunauza vipuri vya malori. Tulinunua skana 24 za mkononi za Android 13, zile zenye mpini kama bastola, na kazi ya kuziunganisha na Wi-Fi ikaniangukia mimi. Kwa uimara sina neno. Moja ilidondoka kutoka juu ya foklifti hadi kwenye zege na mpaka leo inasoma misimbopau. Kilichonitoa jasho ni mtandao.

Skana za zamani zilitumia nenosiri moja la wote. Kijana akiacha kazi nalo kichwani, inabidi ulibadilishe kwenye kila kifaa, kwa hiyo hulibadilishi. Safari hii nikachagua WPA2-Enterprise kwa EAP-TLS, yaani Wi-Fi inayotumia vyeti badala ya nenosiri la wote: kila skana ina cheti chake, kama kitambulisho cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, seva ya RADIUS (kompyuta inayoamua nani aingie mtandaoni) inakikagua, na skana nayo inakagua cheti cha seva kabla ya kuingia. Skana ikipotea, nabatilisha cheti kimoja tu.

Kuweka mipangilio kwa mkono kwenye kioo kidogo vile ni adhabu. Sehemu ya kikoa (domain), yaani jina la seva, niliiacha tupu nikidhani ni ya hiari, kumbe kitufe cha kuhifadhi hakikubali mpaka uandike jina linalolingana na lililo kwenye cheti cha seva. Skana ya kwanza ilinila dakika 40. Baadaye nikagundua programu ya mtengenezaji inayogeuza mipangilio kuwa misimbopau ya kuchapisha: unaielekeza skana kwenye karatasi, inaingia mtandao mdogo wa muda, inachukua cheti chake, kisha inahamia mtandao wenyewe. Zile 23 zilizobaki zikaisha kabla ya chakula cha mchana. Hapo nawapa alama zote.

Sasa Jumatatu moja, saa moja na nusu asubuhi, mtunza stoo akanipigia: "Kaka, mashine zako zimegoma." Skana sita, zote zinasema "Tatizo la uthibitishaji", basi, hakuna neno la ziada. Nikashuku seva, nikaizima na kuiwasha. Nikatengeneza cheti kipya. Wapi! Waliotuuzia nao wakanijibu niwashe skana upya, kana kwamba sikuanza na hilo.

Kilichonifumbua macho ni kumbukumbu za seva: anayekata mazungumzo ni skana, seva wala haijakataa mtu. Nikaangalia kona ya kioo. 03:04. Nikavuta pazia la juu: 1 Januari 1970.

Ziliachwa nje ya chaja tangu Ijumaa, betri zikakauka kabisa, saa ikarudi pale kompyuta inapoanzia kuhesabu, usiku wa manane wa Greenwich, ambao kwetu ni saa tisa usiku. Kwa skana iliyoko 1970, cheti cha seva bado hakijaanza kutumika, kwa hiyo inakikataa, na ina haki. Tatizo, saa yake hujirekebisha kupitia mtandao uleule isioweza kuingia, na laini ya simu hazina. Ingeandika tu "angalia tarehe", ningemaliza kwa dakika mbili badala ya kupoteza asubuhi nzima huku malori mawili yakisubiri mzigo.

Dawa niliyoipata ni msimbopau mmoja tu unaoweka tarehe. Haihitaji kuwa ya leo. Yoyote iliyo ndani ya muda wa cheti inatosha, skana ikishaingia mtandaoni inajisahihisha yenyewe. Karatasi hiyo nimeibandika ukutani juu ya chaja, na mtunza stoo anaitumia bila kunipigia. Ile ya mipangilio nimeifungia kabatini, na mtandao wa muda nauzima nikimaliza, maana nenosiri lake limo kwenye karatasi na yeyote mwenye simu anaweza kuipiga picha.

Nampa mtengenezaji nyota nne. Ya tano imebaki kwenye ule ujumbe wa kosa.