Chupa ya kubinya iliyookoa asali ya chumba chetu cha chai

Ofisini kwetu hapa Tabora tuko watu kumi na mmoja, na kila mwezi tunachanga fedha za majani ya chai, sukari na asali, ambayo mwenzetu mmoja hutununulia kwa wafugaji nyuki anapokwenda kwao Sikonge. Sukari ikiisha kabla ya tarehe 20 tunanung'unika kidogo, kisha tunachanga tena. Asali ya misitu ya miyombo ikiharibika, mimi huumia kweli, kwa sababu ni chakula kinachoweza kukaa miaka bila kuoza kikifunikwa vizuri, nasi tulikuwa tukikimaliza nguvu ndani ya wiki tatu.

Chanzo kilikuwa kijiko. Saa nne asubuhi mtu huchota asali, hukoroga chai, huonja, huona haijakolea, kisha hukirudisha kijiko kilekile ndani ya ndoo huku kikidondosha chai ya maziwa. Asali iliyokomaa kwa kawaida huwa na maji yasiyozidi asilimia 20, na uhaba huo wa maji ndio unaoizuia chachu iliyomo isifanye kazi. Ukiongeza matone kila siku, asali ya juu inakuwa nyepesi na kuanza kuchacha. Mwezi Machi nilifungua ndoo nikakuta povu na harufu ya wanzuki, ile pombe ya asali. Nilimwuliza kijana wa masjala kama alitumia kijiko chenye maji, naye akanijibu kwa heshima zote, "Hapana kaka, nilikilamba kwanza kikakauka."

Nilibandika tangazo ukutani, nikafunga kijiko maalumu kwa uzi kwenye mkono wa ndoo. Baada ya siku mbili uzi ulikuwepo peke yake, na kijiko nilikiona mchana kwenye bakuli la wali la dada wa uhasibu, ambaye alishangaa sana kusikia kwamba kilikuwa na kazi nyingine.

Mwezi Aprili ndipo nilipokwenda sokoni kununua chupa mbili za plastiki za kubinya, zile ambazo wauza chipsi huwekea tomato, zenye mdomo mwembamba na kifuniko kilichoshikamana na shingo. Kila moja inaingia nusu lita na niliilipia shilingi 2,500. Nilizikausha juani hadi ndani pakawa pakavu kabisa, nikazijaza, na ndoo nikaifungia kabatini. Tangu siku hiyo hakuna kijiko kilichogusa asali ya pamoja, na hadi sasa, mwezi Agosti, sijaona povu tena. Hata sisimizi wamepungua, kwa kuwa asali haichuruziki tena ubavuni mwa ndoo.

Kasoro zipo. Usiku wa Juni na Julai hapa huwa na baridi, na asali iliganda chengachenga ikaziba mdomo wa chupa. Mzee wetu wa stoo aliibinya kwa nguvu zake zote, kifuniko kikafyatuka, na asali ikatua juu ya daftari la mahudhurio. Dawa yake ni kuisimamisha chupa ndani ya maji ya uvuguvugu kwa muda, wala si maji yaliyotoka kuchemka, kwa sababu chupa yangu ya kwanza ilijikunja ubavu kwa haraka yangu hiyo. Kasoro ya pili inaniudhi zaidi: wapo wanaomalizia tone la mwisho kwa kuulamba mdomo wa chupa. Nimeomba kikaoni mara mbili waache jambo hili, na sasa ninaufuta mdomo huo kila jioni kwa kitambaa kikavu.

Nitazinunua tena, ila safari hii nitatafuta zenye mdomo mpana kidogo kabla baridi ya mwaka ujao haijaingia.