TAHADHARI: Muuza lenzi wa ghorofa ya tatu, Kampala mjini

Ndugu zangu wapiga picha, hasa nyinyi wa Bombo na wale tunaokutana Busika kwenye mbio za magari, naandika haya mkono bado unatetemeka kwa hasira. Nimeibiwa shilingi 1,900,000 mchana kweupe, na aliyeniibia tuliswali naye safu moja adhuhuri ileile.

Lenzi yangu ya kwanza ilishanitoka mkononi kule Jinja, kisa chake sirudii. Tangu siku ile nahangaika na vya kuazima, kazi ya Busika imekaribia, na mteja ameshatanguliza nusu ya pesa. Nikaanza kutafuta lenzi ya Canon ya milimita 70-200, f/4, ile nyeupe nyembamba yenye kitulizo cha mtikisiko (f ni tundu la kupitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Mtu asije akasema nilikurupuka. Kubwa yake ya f/2.8 inakaribia kilo moja na nusu. Hii ni gramu 760, unaishika tangu saa tatu asubuhi mpaka magharibi na bega liko salama. Na hiyo f/2.8 ya nini kwenye jua la Busika? Saa sita mchana, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikiwa 100, shata ikifunguka 1/125 ya sekunde, jua lenyewe linakudai f/16. Tena ukivuta hairefuki, vioo vinajongea ndani kwa ndani, haifyonzi vumbi jekundu kama zile za 70-300 zinazochomoza pua. Kwenye kamera yangu ya Canon 80D, yenye kihisi kidogo, ile milimita 200 inavuta kama 320. Chaguo lilikuwa sahihi na mpaka leo ni sahihi. Mchafu ni mtu.

Duka lake liko mwisho kabisa wa ukumbi, ndani ya arkedi, halina dirisha, lina taa moja tu ya tyubu. Nilielekezwa na mtu ninayemwamini (unajijua, wewe sikulaumu). Akanipokea vizuri mno. "Karibu Hajji, keti," chai ya maziwa ikaletwa, mandazi yakaletwa. Lenzi ilikuwa ndani ya boksi lake, na kofia yake ya jua, na mfuko wake, kioo cha mbele kinang'aa. Akasema ni ya 2016, ya mzungu aliyekuwa akipiga ndege Entebbe, amerudi kwao. Adhana ikasikika, akafunga duka, tukashuka msikitini pamoja. Tukatawadha bomba moja. Niambieni, mtu ametoka kusujudu ubavuni mwako, utarudi dukani kwake uanze kummulikia mali yake kwa tochi?

Tuliporudi akaichukua kamera mikononi mwangu. Aliichukua taratibu, kwa adabu. "Acha nikuwekee sawa, Hajji." Nilimwona kwa macho yangu akizungusha hadi Av, pale unapochagua tundu mwenyewe, akaleta f/4, akapandisha ISO 1600, akanirudishia. "Piga ile kalenda." Nikapiga kalenda ya ukutani, nikakuza kwenye kioo, nikasoma hata yale maandishi madogo ya sikukuu. Nikapiga feni. Nikampiga yeye mwenyewe akicheka. Fokasi inakamata papo hapo, kitulizo nakisikia kinavuma kidogo kama nyuki aliye mbali. Nikasema basi nitoke barazani nipige boda zinazopita chini, nione gari likikimbia lenzi inafanyaje. Akanishika mkono. "Usithubutu Hajji, askari wa pale chini hawataki kamera, watakunyang'anya halafu nitajisikia vibaya." Mambo ya kutoa kamera katikati ya mji sote tunayajua, nikaona kweli ananihurumia.

Kumbe muda wote kijana wake alikuwa anatuchukua video kwa simu. "Umeridhika, Hajji?" Nikajibu kwa tabasamu, "Nimeridhika, mashallah." Nikatuma pesa kwa simu, jina lililotokea si lake, akasema laini ni ya mke wake. Nikashuka ngazi nimekumbatia boksi kama mtoto mchanga.

Jumapili Busika. Jua liko utosini, vumbi limepanda mpaka kwenye migomba, nimesimama nje ya kona ile ya kushoto mnayoijua. Subaru ya kwanza inakuja. Nataka kuifuata kwa kamera polepole, tairi zizunguke, migomba ya nyuma ifutike, na hiyo ndiyo picha mteja aliyoilipia. Nimeweka 1/125, f/16. Nikabonyeza. Kamera ikalia mara moja ikafa. Err 01, mawasiliano kati ya kamera na lenzi. Nikatoa lenzi, nikafuta vile vishaba vya dhahabu kwa pindo la shati, nikarudisha. Gari la pili, Err 01. Nikatoa betri, nikarudisha. Gari la tatu, la nne. Watu wa pembeni wameanza kunitazama, na mteja yuko kwenye uzio ng'ambo ananipungia mkono.

Nikarudi f/4, ikapiga. Hapo mwili ukanifa ganzi. Nikajaribu f/5.6, ikakataa. Lenzi ile inafanya kazi ikiwa wazi kabisa tu, kwa sababu ikiwa wazi vile vibamba vya ndani vinavyobana mwanga havihitaji kusogea. Na yule mtu aliniwekea f/4 kwa kidole chake. Alijua!

Siku nzima nimepiga f/4. Kwa jua lile f/4 inakusukuma hadi 1/2000, na kwa 1/2000 gari linaganda, tairi zimesimama, unadhani limeegeshwa sokoni. Picha mia tatu za magari yaliyoegeshwa. Kuna atakayesema ningevalisha kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Sina cha milimita 67, kipimo cha mdomo wa lenzi hii, na sikununua lenzi ya fedha hiyo ili niifiche jua. Mteja amezikataa picha na anataka pesa yake, na ana haki.

Nilipompigia simu, yule bwana hakushtuka hata kidogo. Akanitumia ile video, chini yake ameandika: "Uliridhika mwenyewe." Nilipofika dukani kijana akasema bosi amesafiri, nami nasikia sauti yake nyuma ya pazia. Fundi wetu wa Mengo ameifungua: utepe wa umeme unaoendesha vile vibamba umekatika, na vichwa vya skrubu vimekwaruzwa, maana yake kuna aliyeingia kabla yake akashindwa, akafunga. Nyuma, ndani ya mdomo wa lenzi, pameandikwa UV. U ni kiwanda cha Utsunomiya, V ni mwaka 2007. Mzungu wa 2016 hajawahi kuwepo.

Basi mkinunua, kaeni f/16, mpige hapohapo. Au mweke f/16 na mbonyeze kile kitufe kidogo cha mbele, kando ya lenzi, mchungulie kutoka mbele muone tundu likibana. Tochi nayo, ipigeni kutoka nyuma, muone kuvu, sisi wa karibu na ziwa kuvu ni jirani. Na anayekataa mtoke nje juani, ondokeni. Jina la simu lisilo lake pia, ile ilitosha kunizindua.

Lakini mtu huyu asiachwe. Afungiwe duka, arudishe shilingi zote, na msikiti ule ujue ni nani anayekaa safu ya mbele. Kutumia sijda kama chambo! Hilo peke yake nitamdai mbele ya Mola.

Jumatatu saa nne asubuhi niko polisi. Lenzi nimeirudisha kwenye boksi na zile skrubu zake kwenye karatasi, siigusi. Nyinyi wawili mlioniandikia faraghani kwamba aliwauzia flashi na lenzi ya 50mm, njooni na risiti zenu, hata kama zimechanika.