Programu ya Geocaching kwa safari ya Denver hadi Kansas City

Barabara ya I-70 kutoka Denver hadi Kansas City ina urefu wa takriban kilomita 970, na sehemu kubwa yake hupita katika tambarare zinazomchosha dereva, hivyo programu hii ya Geocaching, mchezo wa kutafuta kwa GPS vificho (makopo yenye daftari la kuandika jina) vilivyowekwa na wachezaji wengine, ambayo huvionyesha kwenye ramani, ilitufaa sana tulipokuwa tukirejea nyumbani.

Kituo ninachokipendekeza kuliko vyote ni Mingo, karibu na mji wa Colby, Kansas. Kificho hicho kiliwekwa Mei 2000, siku chache tu baada ya Marekani kuacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa GPS ya raia, na ndicho kikongwe kuliko vyote ambavyo bado vinatafutwa. Kipo hatua chache kutoka barabara kuu. Nilipolifungua daftari lake, nikaona majina ya wageni yamebanana hadi pembezoni mwa kurasa, nilifurahi mno kuliongeza langu.

Kila kificho hupewa alama ya ugumu wa kukipata na ya ugumu wa mazingira ya kukifikia, kuanzia 1 (rahisi) hadi 5. Kwa msafiri mwenye watoto, nashauri achague vile visivyozidi 2 na asome maoni ya waliotangulia, kwani humo ndimo utakapojua kama kopo limepotea. Kinachonikera ni kwamba baadhi ya vificho hufunguliwa kwa wanachama wanaolipia pekee. Hata hivyo, toleo la bure linatosha kwa safari kama hii, mradi ubebe kalamu yako mwenyewe.