TAHADHARI: "Kiswichi cha kompyuta mbili skrini mbili" kinachotangazwa kwenye status ni splita (kigawa picha moja kwenda skrini mbili) iliyovalishwa bati

Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Hasira na aibu vinagombana hapa, sijui kipi kimezidi. Sh 185,000 zimekwenda, na aliyepigwa ni fundi, yule yule ambaye watu wa Mwanga na Ujiji hapa Kigoma humletea mashine na kumuuliza "hii nzima au tunauziwa kopo?" Mkitaka kucheka chekeni, ila mkimaliza msome, maana jamaa bado anauza. Jana usiku kapandisha picha zilezile.

Meza yangu ina kompyuta mbili na skrini mbili. Kilichotakiwa ni kiswichi cha KVM cha kompyuta mbili na skrini mbili. Unabonyeza kitufe kimoja, kibodi, mausi na skrini zote mbili zinahamia kompyuta ya pili, na kila skrini inabaki na kazi yake: hesabu kulia, barua kushoto. Ndicho alichotangaza, kwa maneno yake mwenyewe: "Inabeba skrini mbili, 4K 60Hz, USB 3, unachomeka tu."

Nikaomba video, na mtego ulikuwa humo. Ikaja ya kama sekunde arobaini. Meza safi, kompyuta mbili chini, skrini mbili juu, zote zina picha ya mandhari ya bluu. Kidole kinaingia, kina pete, kinabonyeza. Taa ya 1 inazimika, ya 2 inawaka. Skrini zote mbili nyeusi. Sekunde mbili, tatu. Zote mbili zinarudi na mandhari ya kijani. Anabonyeza tena, bluu. Tena, kijani. Nikaitazama mara tano, nikaona skrini mbili zimehama na kurudi, nikasema haya, hapa kuna mtu wa kazi. Nikatuma hela nikiwa bado nimesimama.

Sasa oneni nilichopitwa nacho. Ukipanua kazi kwenye skrini mbili, Windows kwa kawaida huirudia picha ya mandhari kwenye kila skrini. Kwa hiyo skrini mbili zenye mandhari moja zinaweza kuwa zimepanuliwa kweli, au zinaonyesha kitu kimoja mara mbili, na kwa picha tupu hakuna jicho litakalotofautisha. Zingemuumbua aikoni, kwa sababu ukipanua, kwa kawaida hukaa kwenye skrini kuu peke yake. Kwenye ile video hapakuwa na aikoni hata moja. Alizificha makusudi. Na mausi haikuguswa tangu mwanzo hadi mwisho. Mshale wa mausi ukipitishwa ungetoka skrini ya kushoto na kuingia ya kulia, lakini penye splita ungeonekana kwenye skrini zote mbili kwa wakati mmoja. Sekunde mbili tu zingetosha. Sikuziomba. Fundi mzima.

Mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Kwanza, bei. Matapeli wengi huvutia kwa rahisi, huyu alitaja bei inayofanana na ya kitu halisi na hakupunguza hata mia. Pili, nilimtega akategua. Nilimuuliza kama kinaigiza EDID, akajibu papo hapo, "Ndiyo kaka, madirisha hayatahama." Kwa wasiolijua hilo: skrini hujitambulisha kwa kompyuta (utambulisho huo ndio EDID) kupitia waya wa HDMI, kwenye pini ya 15 na 16. Hueleza vipimo inavyovimudu, na pini ya 19 ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba kuna skrini imechomekwa. Kiswichi cha maana kikihamia kompyuta ya pili, kinaendelea kuijibu ile ya kwanza kwa niaba ya skrini. Kisichofanya hivyo, kompyuta iliyoachwa inadhani skrini zimechomolewa, inakusanya madirisha yote pembeni, na ukirudi unakuta kila kitu kimerundikana kama mzigo wa dagaa. Mtu akilijua jibu hilo unamwona mwenzako. Kumbe kalikariri kutoka kwenye tangazo la watu wengine.

Kifurushi kikashuka na basi siku ya tatu. Kisanduku cha chuma, cheusi, kizito mkononi. Uzito wenyewe ni utapeli: nilipokifungua baadaye nilikuta kipande cha bati kimegandishwa kwa gundi chini ya ubao, hakina kazi yoyote zaidi ya kukufanya uone umenunua kitu.

Nilipokigeuza nyuma nilijua kabla sijachomeka hata waya mmoja. HDMI mbili za kuingiza, HDMI mbili za kutoa, na matundu mawili ya USB ya mraba. Fanyeni hesabu ya darasa la pili. Kompyuta mbili, kila moja inaleta picha mbili, hiyo ni nne zinazoingia. Skrini mbili, hiyo ni mbili zinazotoka. Jumla HDMI sita. Hiki kina nne. Kila kompyuta inaingiza picha moja, na picha moja ya HDMI haiwezi kutoka upande wa pili ikiwa mbili tofauti. Ndani ni swichi ya kawaida ya kuchagua kompyuta, ikafuatiwa na splita. Vitu viwili ambavyo hata ukivinunua kwa mafungu havikaribii bei aliyonitoza.

Kabla hamjamtetea: vipo visanduku halali vyenye waya mmoja wa picha kwa kila kompyuta. Kuna vya DisplayPort, tundu jingine la picha, vinavyogawa mkondo kwa njia ya MST, yaani picha kadhaa tofauti kwenye waya mmoja (na hata hivyo Mac haitapanua skrini kwa njia hiyo, itarudia kitu kilekile), na kuna vinavyopitisha picha ya pili kwenye USB kwa draiva ya DisplayLink. Vyote huandikwa hivyo wazi kwenye boksi. HDMI tupu haina MST. Hoja hiyo ifungwe.

Nikachomeka hata hivyo, kwa uchungu. Mipangilio ya skrini kwenye Windows ikaona skrini moja, na chaguo la kupanua halikuwepo kabisa, kwa sababu kwa kompyuta ile skrini ya pili haipo duniani. Skrini kubwa ni ya 1920 kwa 1080, ya pili ni ile ya mraba ya zamani ya 1280 kwa 1024, inaingia kwa DVI, tundu la picha la zamani. Splita inasoma utambulisho wa skrini iliyoko kwenye tundu la kwanza tu. Ukiweka kubwa kwenye tundu la kwanza, ya mraba inagoma na kuandika kwamba kipimo hicho haikiwezi. Ukizigeuza, kubwa inakubali 1280 kwa 1024, herufi zinavimba na kufifia kama zimeloweshwa ziwani.

Hiyo 4K 60Hz nayo nikaipeleka kwenye TV ya 4K. Mwisho wake 30Hz, yaani picha 30 kwa sekunde. Hicho ni kiwango cha HDMI 1.4, gigabiti 10.2 kwa sekunde. Kupata 60 na rangi kamili unahitaji HDMI 2.0, gigabiti 18, na waya unaoweza kubeba mzigo huo. Kwenye 30 picha inaonekana nzuri sana ikisimama, ndiyo maana picha za matangazo hupendeza. Sogeza mausi uone, inajikokota.

USB 3 yake ni plastiki ya bluu. Chungulia ndani ya tundu kwa tochi ya simu: USB 2 ina pini 4, USB 3 ina 9, zile tano za ziada zimejipanga safu ya pili. Hapa nne tu. Na hata usipochungulia, tazama tundu linalokwenda kompyuta. Likiwa mraba mtupu, hiyo ni USB 2, megabiti 480 kwa sekunde, hata upake matundu ya mbele rangi ya dhahabu. La USB 3 lina nundu juu.

Lakini la kunifanya nisilale ni umeme. Adapta yake imeandikwa volti 5, ampea 2. Chomeka adapta peke yake bila kompyuta yoyote, halafu pima kwa mita kwenye ncha ya waya wa USB unaokwenda kompyuta, pini ya 1 na ya 4. Inatakiwa sifuri. Mimi nilipata volti 5 kamili. Maana yake umeme wa adapta unarudi nyuma na kuingia kwenye kompyuta iliyozimwa. Mashine moja ilibaki na taa ya ubao inawaka nimeizima ukutani, kisha ikakataa kuwaka mpaka nilipochomoa waya wa kile kisanduku. Siku yake ingeunguza ubao wa mtu. Nikaweka mzigo wa kawaida, kibodi yenye taa, kamera na fleshi, volti zikashuka hadi 4.3. Tundu la USB 2 la kutoa nusu ampea halitakiwi kushuka chini ya 4.75. Kamera ikawa inakatika kila dakika chache, na fleshi iliyokuwa inanakili faili ikadai ipangwe upya. Hapo nilimwandikia.

Jibu lake: "Kaka hiyo ndiyo dual yenyewe, si inaonyesha kote kote? Video uliiona." Nikamtumia picha ya HDMI nne na ile hesabu. Tiki mbili za bluu. Kisha picha yake ya wasifu ikapotea.

Anajua tuko wapi, huyu. Mwisho wa reli. Anajua kurudisha kifurushi Dar ni nauli, ni siku, ni kumtafuta mtu asiye na duka, na wengi tutaguna tukiweka kitu kabatini. Wa Dar angemfuata mlangoni asubuhi yake. Sisi wa Kigoma ndio mtaji wake. Akamatwe, afikishwe mahakamani, arudishe hela ya kila mtu na gharama za mabasi juu yake. Sisemi aguswe hata ukucha, ila siku akisimamishwa kizimbani nitapanda treni kwenda kumtazama. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Tume ya Ushindani nayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Kwa hiyo asituambie tulikosea kununua.

Dalili? Zilikuwepo, naziona sasa. Picha zote za mbele, ya nyuma hakuna hata moja, na nyuma ndiko ukweli uliko. Modeli hakuna, ukiuliza anasema "mpya hii, toleo la mwaka huu". Alikwepa simu ya video mara mbili, mara bando, mara yuko stoo yenye giza. Aliniambia "zimebaki mbili tu", na leo wiki ya tatu bado zimebaki mbili tu. Sikumdai apitishe mausi. Kumbe kibodi nayo sikuuliza kama ina tundu lake au inapita kwenye habu ya kawaida, ile ya kugawa tundu moja la USB kuwa mengi. Hiki inapita kwenye habu, kila ukihama inakatika na kujitambulisha upya, kwa hiyo sekunde tatu za kwanza unachapa hewani. Pete ile ya kidoleni nayo ningeijua popote. Mshenzi.

Kwa wenye shida kama yetu, msikimbilie tena vya watu wa status. Kama skrini zako zina matundu mawili ya picha kila moja, mfano HDMI na DisplayPort, au HDMI na VGA, huhitaji KVM ya skrini kabisa. Kompyuta ya kwanza iende kwenye HDMI za skrini zote mbili, ya pili iende kwenye yale matundu mengine. Nunua swichi ya USB tupu, ile ya kompyuta mbili yenye matundu manne, kwa ajili ya kibodi na mausi. Ukihama unabonyeza swichi, kisha kitufe cha kuchagua chanzo kwenye kila skrini. Ni vibonyezo vitatu badala ya kimoja, lakini kila skrini inabaki na kazi yake na hakuna anayepunguziwa kipimo. Toa fleshi salama kabla ya kubonyeza. Na swichi ikija na adapta, pima kwanza kama nilivyosema hapo juu. Ukikuta volti kwenye waya wa kompyuta, irudishe.

Hapa Kigoma wawili wengine wameshajitokeza, mmoja Gungu na mmoja Ujiji, wa Ujiji alilipa zaidi yangu. Kama na wewe kakuuzia, usifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo, hifadhi ile video kwenye simu kabla hajaiondoa, tunza boksi na karatasi ya mzigo ya basi. Jumatatu saa tatu asubuhi tunaenda polisi pamoja. Changu nakileta kikiwa wazi, na lile bati lake.