Kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons (toleo la 2014)
Jumamosi tunacheza mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni, pale Ntinda, Kampala, chai na chapati mezani. Kinachonivutia zaidi humu kitabuni ni mhusika mchawi msomi. Anaanza na azima (fomula za uchawi) 6 za daraja la kwanza daftarini mwake. Kila akipanda ngazi anaongeza 2. Akiokota daftari la mchawi mwingine, ananakili: muda wa saa 2 na sarafu 50 za dhahabu kwa kila daraja la azima. Azima ya daraja la tatu, basi, sarafu 150! Wangu anabana hela kama konda wa taksi. Kasisi, mhusika mwingine, yeye huomba tu, kisha huchagua kutoka orodha nzima ya azima za kikasisi. Upendeleo mtupu.

Maelezo ya azima yamepangwa kialfabeti, si kwa daraja, kwa hiyo utafunua kurasa mpaka chai ipoe. Hata hivyo, kinunueni mchangiane.