Uzi upi ununue kwa kofia ya buli ya Pasaka

Kofia ya buli, yaani vazi la kufumwa linalovishwa buli la chai, ina kazi moja kabla ya kuchekesha watu mezani, nayo ni kuizuia chai isipoe. Sungura wa masikio marefu au kifaranga mwenye mdomo wa rangi ya chungwa hupendeza Pasaka, lakini akifumwa kwa uzi usiofaa, kikombe cha pili kitanywewa baridi. Kwa hiyo nimezipanga nyuzi kwa namna zinavyotunza joto. Rangi inafuata baadaye.

Nafasi ya kwanza ni sufu ya kondoo, na wala haina mpinzani wa karibu. Nyuzinyuzi zake zimejikunja kwa asili, zinanasa hewa katikati, na hewa iliyotulia ndiyo inayolizuia joto lisitoke. Hunyonya mvuke mwingi bila kuonekana imelowa, na haishiki moto upesi. Chukua unene wa kati, ule unaofumwa kwa sindano za milimita 4. Kwa buli la lita moja hivi, gramu 100 kwa kawaida zinatosha. Sufu iliyotiwa dawa ili ifuliwe kwa mashine ni rahisi kutunza, ila ile ya kawaida ina faida yake: unafuma kofia kubwa kidogo, unaifua kwa maji ya moto, nayo inasinyaa na kushikamana kuwa kitambaa kizito. Wapo wanaolalamika kwamba sufu inawasha ngozi. Buli halijali.

Ya pili ni sufu iliyochanganywa na akriliki, uzi wa kutengenezwa kiwandani. Joto linapungua kidogo, bei pia, na rangi za kuchagua ni nyingi.

Pamba naiweka ya tatu, ingawa rangi zake tulivu, kama njano ya maziwa na kijani cha majani machanga, ndizo zinazofanana zaidi na Pasaka. Ni nzito na hairudi ikivutwa, hivyo kofia hulegea kiunoni na masikio ya sungura huanguka. Ukiipenda mno, fuma tabaka mbili.

Akriliki tupu inashika nafasi ya nne kwa mwili wa kofia. Ikikutana na moto huyeyuka, kwa hiyo isikaribie jiko, na pasi ya mvuke huilegeza moja kwa moja. Lakini kwa mayai madogo ya rangirangi, maua na mdomo wa kifaranga ni uzi mzuri kabisa, tena vibaki vya kazi nyingine vinatosha.

Mwisho kabisa ni uzi wa manyoya, ule wenye vinywele vingi vilivyochomoza. Dukani unavutia, maana kifaranga anaonekana yuko tayari kabla hujafuma. Ukianza kufuma huioni mishono yako, na vinywele huishia kwenye chai. Weka kidogo utosini, mbali na mlizamu.

Kabla ya kulipa, pima tumbo la buli kwa utepe, kisha pima mlizamu na mkono vinaanzia juu kiasi gani. Kofia ifumwe vipande viwili, vishonwe chini na juu, pakiachwa nafasi za mlizamu na mkono. Upana uwe pungufu kidogo ya kipimo, kwa kuwa kitambaa kilichofumwa huvutika. Soma pia namba ya mkupuo wa rangi kwenye lebo: madonge yote yawe ya mkupuo mmoja, yaani yaliyotiwa rangi pamoja, la sivyo kifaranga atakuwa na njano mbili.

Umbo la buli likuchagulie mnyama. La mviringo ni kifaranga au yai. Refu ni sungura, na masikio yake yafumwe tabaka mbili kisha yajazwe vipande vya uzi, si waya, kwa sababu waya utapata kutu ukifua. Kilele mimi nakifunga kabisa, japo lazima uvue kofia kila unapoongeza maji, kwani kilele kikiachwa wazi joto hupotelea kifunikoni. Macho tarizi kwa uzi mweusi, au shona vifungo. Usivibandike kwa gundi, maana joto litailegeza na jicho litaanguka kwenye kikombe cha mgeni.