Wamemfufua Marshali Lannes halafu wakamkata ulimi

Nimekimaliza juzi juzi na hasira bado haijaisha kwa hiyo mnivumilie. Jina la kitabu wala la mwandishi sitaji, ila mkikikuta mtakijua, ni stori ya "ingekuwaje kama" ambayo Marshali Jean Lannes, mmoja wa majemadari wakubwa wa Napoleon mfalme wa Ufaransa, hafi kwenye vita vya Essling kule Austria mwaka 1809, anabaki hai na anaenda naye mpaka Urusi. Nilipoona maelezo yake nikasema hapa hela yangu iende tu, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo nimekuwa nikiliwaza miaka na miaka, sio lile la Marshali Grouchy kutofika Waterloo, vita vya mwisho vya Napoleon, ambalo kila mtu keshalitafuna mpaka limekwisha utamu.

Nianze na mazuri maana yapo, watu wasije wakasema nina chuki. Chapta za mwanzo ni moto. Mto Danube umefurika, Waaustria wanaachia magogo na mashua nzito zinakuja na maji zinagonga daraja la kwenda kisiwa cha Lobau, linakatika, linaungwa, linakatika tena, na huku jeshi limeshavuka nusu na baruti inaisha. Unasoma moyo unakwenda mbio. Halafu inafika tarehe 22 Mei. Kwenye historia yenyewe Lannes alikuwa na rafiki yake wa siku nyingi, Jenerali Pouzet, tufe la mzinga likaja likamuua Pouzet mbele ya macho yake, Lannes akaondoka pale kavurugwa, akaenda kukaa ukingoni mwa shimo, akapandisha mguu juu ya mguu, na tufe lingine dogo likadunda chini likampiga pale pale magoti yalipokutana. Daktari Larrey akamkata mguu mmoja. Tarehe 31 Mei akafa, na alikuwa marshali wa kwanza wa Napoleon kufa kwa jeraha la vita.

Mwandishi anabadilisha kitu kidogo sana. Lannes haendi kukaa. Anabaki amesimama pale pale kwa Pouzet, anavua koti lake amfunike, na lile tufe linapita linaenda kuchimba udongo mtupu pembeni ya shimo. Basi, hakuna kingine. Niliacha kusoma nikaenda kumsimulia shemeji yangu ambaye hata Essling hajui ni nini, na yeye akakaa kimya akasikiliza. Kwa kurasa hizo tu ningempa nyota zote na ningekuwa nimeshawasumbua wote humu mkanunue.

Sasa njooni Urusi.

Ili muelewe kwa nini nimechukia lazima mjue Lannes alikuwa mtu gani. Mtoto wa familia ya kawaida kutoka Lectoure kule Gascony, alikuwa anajifunza kazi ya kutia nguo rangi kabla mapinduzi hayajamchukua jeshini, akajeruhiwa kwenye vita vya Arcole, akajeruhiwa tena Acre, akapanda mpaka akawa marshali na Duke wa Montebello. Ushujaa walikuwa nao wengi, marshali mwenzake Ney alikuwa nao, Murat alikuwa nao. Alichokuwa nacho Lannes ni mdomo. Huyu alikuwa anamwambia Napoleon ukweli usoni, tangu enzi za Italia, na Napoleon akawa anavumilia kwa sababu ni yeye. Pale pale Essling, katikati ya mapigano, alimtumia Bessières, marshali wa wapanda farasi, ujumbe kwamba apige mashambulizi ya kweli, afike mpaka kwa adui, Bessières akaona katukanwa, usiku wakakaribia kuchomoana panga, marshali mwenzao Masséna ndiye akaingilia. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa Saragossa, Hispania, watu wanapigania nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba, na alimwandikia mfalme wake kwamba vita vya namna ile vinamtia kinyaa. Mshindi ndiye anaandika hivyo jamani! Hata kuhusu siku zake za mwisho kuna simulizi kwamba alimlaumu Napoleon kitandani kwa tamaa yake ya vita, wengine wanabisha wanasema ni uzushi, lakini uzushi huo ulimshika Lannes na sio Berthier, mnadhimu mkuu wa Napoleon, kwa sababu kila mtu aliyemjua aliona kwamba ndiyo, huyu angeweza kusema.

Kwa hiyo mtu ukimfufua Lannes unafufua nini? Mpanda farasi mmoja zaidi? Napoleon alikuwa nao wa kumwaga! Alichokosa baada ya 1809 ni mtu wa kusema hapana akasikika mpaka nje ya hema.

Usiku wa kuamkia vita vya Borodino, karibu na Moscow, tarehe 7 Septemba 1812. Nilikuwa naingoja hiyo kurasa kuliko kitu chochote kwenye kitabu kizima. Kwenye historia halisi Marshali Davout alipendekeza wasiwavamie Warusi kwa mbele, achukue askari wake azunguke ubavu wa kushoto wa adui kupitia msituni, Napoleon akakataa, asubuhi wakaenda kugonga ngome zile za udongo kwa kichwa, na jioni waliouawa na kujeruhiwa wa pande zote mbili walikuwa zaidi ya 70,000. Kitabuni hema lipo, mishumaa ipo, Davout anaongea, Napoleon anakataa, halafu anageuka anamtazama Lannes. Nikakaa vizuri. Nikajua hapa ndipo. Na Lannes, Jean Lannes wa Lectoure, anainamisha kichwa anasema eti mfalme anaona mbali kuliko sisi.

Chapta ikaisha hapo.

Niliirudia nikidhani nimeruka ukurasa. Sikuruka. Na kuanzia hapo ndiyo basi tena, kila kitu kikaniharibikia, hata vitu ambavyo pengine havina kosa. Moscow inaungua, naona maneno mengi. Majira ya baridi, naona anajaza kurasa. Mchana wa Borodino majenerali wanaomba Walinzi wa mfalme waingizwe wamalize kazi, Napoleon anawazuia kama alivyowazuia kweli, na Lannes yuko pale pembeni kwenye farasi kama sanamu. Kwenye historia halisi hata Ney alifura kwa hasira siku ile, Ney! Sasa Lannes ndiyo akawa mpole kuliko Ney? Nilitupa simu kitandani.

Nikamwandikia mwandishi. Kwa heshima kabisa, nikamsifia zile kurasa za Pouzet, nikamuuliza kwa nini Lannes kanyamaza. Akanijibu kwa mkato kwamba Napoleon asingemsikiliza hata angesema, kwa hiyo matokeo yangekuwa yale yale, na kwamba kama sijapenda kuna vitabu vingine. Vitabu vingine! Mimi niliyelipa!

Na jibu lenyewe ndilo limenichoma zaidi, maana nusu yake ni kweli. Caulaincourt alikuwa balozi wa Napoleon St. Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati huo, alirudi mwaka 1811 akamweleza Napoleon kwa saa nyingi habari za baridi ya Urusi na kwamba Tsar Alexander angerudi nyuma na nyuma kuliko kukubali amani ya kupigwa, Napoleon akasikia kwa sikio hili likatokea lile, mwaka uliofuata akavuka mto Niemen na zaidi ya watu 400,000. Sawa, pengine asingemsikiliza na Lannes. Nakubali. Basi nionyeshe asivyomsikiliza! Nionyeshe wanapayukiana mpaka walinzi nje wanatazamana, nionyeshe Napoleon anamwambia toka, nionyeshe Lannes anatoka anaenda kukaa gizani na wale askari wake huku anajua kesho atawapeleka kufa kwa mpango aliokwisha sema ni mbaya. Hapo umenipa kitu ambacho historia haikunipa, hata kama Borodino inaisha vile vile. Usiniambie matokeo ni yale yale kwa hiyo mtu anyamaze, hiyo sio sababu ya kuandika, hiyo ni uvivu.

Halafu kuna kitu kinanifanya nisiweze kumchukia moja kwa moja, na ndiyo maana nimefuta na kuandika upya hii rivyu. Kuna kipande kidogo cha kumbukumbu, wako njiani wanarudi kwenye theluji, Lannes anakumbuka Hispania mwaka 1808, alivyoanguka na farasi milimani akawa hawezi kujigeuza, Larrey akachinjisha kondoo akamfunga ile ngozi ikiwa bado ya moto. Hilo lilitokea kweli, na siku chache baadaye Lannes akaenda kushinda vita vya Tudela. Mwandishi anaandika harufu ya ile ngozi, damu inavyokauka na kuvuta ngozi ya mgongo, jinsi alivyotokwa jasho mpaka akalala. Mtu anayeweza kuandika hivyo anajua kazi. Kwa hiyo hakushindwa kumpa Lannes maneno, alikataa.

Nilianza na nyota mbili. Nikakumbuka lile koti juu ya Pouzet nikaweka nne. Sasa nimesimulia tena lile hema na nimerudi mbili, na hapo zitabaki, ziwe mbili za Essling peke yake. Kama utakuta mtu anakiuza bei ya kawaida nunua, soma mpaka jeshi linarudi Lobau usiku, hutajuta hata kidogo, kuanzia Niemen ni juu yako.

Mwisho wa kitabu wameahidi sehemu ya pili, vita vya Leipzig 1813. Mimi sinunui ikitoka tu, safari hii nasubiri. Atakayewahi kuisoma naomba aniambie jambo moja, kama Lannes amefungua mdomo.